Idadi ya Ng'ombe

Swali la kwanza ambalo Ntinyari alimuuliza binamu yake lilikuwa kama mlango una bawaba.

“Bawaba?” Antony akashangaa kwenye simu. Alikuwa amesimama kwenye korido ya ghorofa ya pili, katika jumba moja mjini Embu, saa yake ya chakula cha mchana ikimponyoka hivi hivi. “Cuzo, mlango ni mlango. Uko na kila kitu.”

“Angalia vizuri. Ni wa kufungua na kufunga, ama ni wa kuegemeza tu?”

“Ni wa kufungua. Nimebisha, wamefungua. Kuna watu watatu ndani na kompyuta. Nikawaambia nimekosea ofisi, nikatoka.”

“Sasa rudi.”

“Nirudi niwaambie nini?”

“Waambie umekosea tena.”

Antony alikulia Embu mjini na Kimeru chake kilikuwa cha kusalimia wazee tu, kwa hiyo yeye na Ntinyari walizungumza Kiswahili. Alikuwa kijana mtiifu, karani wa stoo ya dawa za mifugo, na shangazi zake walimfundisha kwamba jamaa akikutuma hukatai, unalalamika ukienda. Akaenda akilalamika. Safari hii aliomba maji ya kunywa. Alipotoka alikuta simu bado haijakatwa.

“Sakafu iko aje?” Ntinyari akauliza. “Kuna zulia?”

“Liko, lakini limezeeka. Hapo karibu na mlango limetoboka.”

Ntinyari, aliyekuwa Kanyakine, mwendo wa saa kadhaa kutoka hapo, akaandika kwenye daftari lake: zulia limetoboka. Hiyo ilikuwa alama nzuri. Tapeli hakai mahali mpaka zulia litoboke.

“Na vikombe vya chai? Viko na majina ya wenyewe?”

Antony akavuta pumzi. “Kimoja kimeandikwa Wawira, na rangi ya kucha. Ingine haina mkono. Cuzo, mimi nina njaa.”

“Nenda ukale. Mungu akubariki.”

Kuuliza si ujinga, na Ntinyari alikuwa na sababu ya kuuliza hadi habari za vikombe. Katika mwaka mmoja alikuwa ameajiriwa mara tatu na watu wasiokuwapo. Wa kwanza walimtoza ada ya usajili, wakamwita dada, wakapotea. Wa pili walimkalisha siku tisa akisifia picha za hoteli ambazo hatawahi kulala, wakisema malipo yanakuja kesho, na kesho ya watu hao haina tarehe. Wa tatu walimtaka alete jamaa watatu kwanza, lakini kufikia hapo jamaa zake walikuwa wameshamjua, wakiona jina lake kwenye simu wanaiacha ilie. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ntinyari akiona tangazo la kazi ya kufanyia nyumbani, mkono wake ulienda wenyewe kuishika pochi.

Hili la nne lilimtia wasiwasi zaidi kwa sababu halikuomba kitu. Halikumwita dada. Lilisema tu kwamba kampuni inatengeneza huduma ya simu ya daktari wa mifugo: mkulima atapiga, ataeleza ugonjwa wa ng'ombe au kuku wake kwa lugha ya kwao, na mashine itamwelewa. Ili mashine ijifunze, watu walihitajika wa kusikiliza wakulima waliorekodiwa wakisema Kimeru na kuyaandika maneno yao kwa Kiswahili. Unafanya majaribio, ukifaulu unapewa mkataba. Ntinyari alilisoma mara sita akitafuta mahali pa kutuma pesa, akapakosa. Kazi isiyoomba kitu, Kenya hii? Hapo ndipo alipomtuma Antony.

Sasa, mtu anaweza kusema, si angetafuta tu kazi ya kutoka asubuhi na kurudi jioni kama wengine. Alikuwa nayo. Miaka kumi na miwili alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa, anapiga chapa bila kutazama vidole. Kisha mama yake, Gladwell, akapigwa na kiharusi akichuma ndizi. Upande wote wa kulia ukalala. Akili ilibaki nzima na ulimi ukarudi polepole, lakini ilibidi ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi ingechubuka na kuoza. Hakuna mwajiri anayekuruhusu kwenda nyumbani kila baada ya saa mbili. Ntinyari akaacha kiwanda.

Tangu siku hiyo gharama zote zilimwangukia kaka yake, Misheck, aliyefanya biashara ya miraa kule Mikinduri na kujenga huko. Misheck hakuwa mtu mbaya. Alituma kila mwezi bila kukumbushwa. Lakini alikuwa na watoto wa kusomesha, na mwezi huo alipiga simu akaongea kama mtu aliyeyafanyia mazoezi maneno yake.

“Dada, siwezi kushika nyumba mbili. Ukipata kazi ya kueleweka kabla mwezi uishe, Mama abaki. Usipopata, nakuja na gari tumlete hapa, na wewe utoke utafute maisha.”

“Huko kwako atakaa na nani mchana?”

“Watu watakuwa wakipita kumwangalia.”

Ntinyari aliijua nyumba hiyo. Kukipambazuka wote wako shambani au sokoni, na anayepita ni kuku. Mama mwenyewe alipoambiwa alikataa. Alizaliwa upande huo huo wa Mikinduri, katika Tigania, akaletwa Kanyakine akiwa bibi harusi.

“Nilitoka huko kwa miguu yangu,” alisema. “Sirudi nikibebwa.”

Basi Ntinyari akajaribu.

Rekodi zilikuwa arobaini, na alipewa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa saa sita mchana. Kabla ya kuzifungua alitia sahihi ahadi moja kwenye kompyuta: sauti hizi ni za watu na shida zao, hazitasikilizwa na mwingine yeyote ila wewe. Alilipenda sharti hilo. Matapeli hawajali siri ya mtu.

Mtandao katika nyumba ile ulikuwa na mahali pake. Jikoni haukufika, sebuleni ulikuja na kuondoka, lakini kwenye dirisha la chumba cha Mama ulikaa ukatulia. Ntinyari akaweka kimeza hapo, kompyuta yake kuukuu juu yake, kifaa cha kusikilizia kwenye sikio moja tu, sikio la pili akimwachia Mama.

Hakutarajia kwamba ataipenda kazi. Kulikuwa na mwanamke aliyelalamika kwamba kuku wake anatazama ukuta tangu Jumapili. Kulikuwa na baba mmoja aliyemsalimu daktari, akamsalimia na mke wa daktari, na watoto, na wazazi waliomzaa daktari, dakika nne nzima, ndipo akasema mbuzi amekufa. Kulikuwa na kijana aliyetaka ushauri kuhusu kondoo wake ila alikuwa anamsifu tu. Ntinyari aliandika, akarudisha nyuma, akaandika tena. Akiwa anasonga ugali alijikuta anawaza kama yule kuku aliacha kutazama ukuta. Kwa muda mrefu alikuwa hajasikia habari za mtu yeyote nje ya boma lile, na sasa wilaya nzima ilikuwa inaongea sikioni mwake. Alifurahi, na furaha hiyo ikamtia hofu, maana alijua inaweza kuchukuliwa.

Mwisho wa kila rekodi palikuwa na visanduku vya kujaza: aina ya mnyama, dalili, idadi ya mifugo. Hicho cha mwisho kilikubali nambari tu, na usipokijaza ukurasa haukusonga. Kwa vijana haikuwa shida. Anayerekodi anauliza, “Una ng'ombe wangapi?” kijana anajibu watatu, kwisha. Wazee walikuwa kitu kingine. Waliulizwa, wakacheka kidogo, wakasema wale Mungu alionipa, au wakaanza kuwataja kwa rangi: yule mweusi, yule wa doa la usoni, yule mama yake ndama. Ntinyari aliwahesabu hao waliotajwa kwa vidole, akaandika jumla, na pasipotajwa akakisia. Alisoma shule, alijua kujumlisha.

Ikaja rekodi ya ishirini na tatu. Mzee aliyekuwa akizungumza alikuwa na Kimeru cha Tigania, tena cha zamani, na Ntinyari alizoea kile cha Imenti, cha Kanyakine. Alishika neno hapa, akapoteza matatu pale. Alirudia mara tano. Uso wake ukasema yote.

“Ni nini?” Mama akauliza kutoka kitandani.

“Mzee fulani. Simwelewi. Nadhani ni wa upande wenu.”

“Lete nisikie.”

“Hairuhusiwi, Mama. Niliahidi asisikie mwingine.”

Mama akatazama juu. “Nitamwambia nani? Dari?”

Ilikuwa Alhamisi alasiri. Zilikuwa zimebaki rekodi kumi na saba, na saa zilizobaki unaweza kuzihesabu. Ntinyari aliwaza juu ya sahihi yake, akawaza juu ya gari la Misheck, na mkono wake ukachomoa waya. Sauti ya mzee ikajaa chumbani.

Upande wa mdomo wa Mama uliosalia mzima ulipanda. Macho yakafunguka. Tangu kiharusi alikuwa akisikiliza mambo kwa adabu tu, kama mgeni katika nyumba yake, lakini sasa alisikiliza kama mtu aliyeitwa kwa jina. Kisha akacheka, na Ntinyari akageuka kuhakikisha ni yeye.

“Anasema ng'ombe amekula majani machanga ya viazi vitamu, tumbo limevimba kwa gesi,” Mama akaeleza polepole. “Lakini halaumu majani. Analaumu jirani aliyesimama hapo akamsifia.”

Neno kwa neno alimfafanulia, na Ntinyari akaandika. Wakafika kwenye idadi. Mzee alikuwa ametaja ng'ombe watano kwa rangi zao, akanyamaza, akamalizia kwamba wengine wapo. Ntinyari akaandika tano.

“Unaandika nini hapo?”

“Idadi. Watano.”

“Unamhesabia mtu ng'ombe wake?”

“Mama, amewataja mwenyewe.”

“Ametaja mpaka akaona huyo mtoto anayemrekodi anakunja vidole kuhesabu, akaacha. Kasema wengine wapo. Hukusikia?”

“Nilisikia.”

“Sasa hao wengine umewapeleka wapi?”

Ntinyari akaitazama ile tano kwenye kioo. Alijua mwiko huo, nani asiyeujua? Mifugo na watoto hawahesabiwi kwa mdomo, unawatangazia wenye kijicho. Bibi yake hakuwahi kusema ana wajukuu wangapi hata mbele ya mchungaji. Ila alidhani ni mambo ya boma, hayaingii kwenye kompyuta.

“Sanduku linataka nambari,” akasema. “Nisipoiweka haliendi.”

“Basi sanduku halina adabu,” Mama akasema. “Nambari utakayoandika ni yako. Si ya mzee.”

Usiku huo Ntinyari alimaliza rekodi zilizobaki, na Ijumaa asubuhi akazirudia zote. Wazee kumi na wanne alikuwa amewatungia nambari. Alifuta zote, akaweka sifuri ili ukurasa usonge, na chini, mahali pa maelezo, akaandika kila mara: “Mwenyewe hakutaja idadi. Sifuri hii si kwamba hana. Kwetu mtu hahesabu mifugo kwa mdomo, na nambari yoyote ningeweka hapa ingekuwa yangu.” Akatuma dakika kumi kabla ya saa sita. Halafu akaketi akiitazama kompyuta. Mtu asiyejua akiona sifuri kumi na nne ataona uvivu, na yeye ndiye aliyejichongea.

Jumamosi Misheck alipiga simu kusema gari limepatikana. Angekuja Alhamisi, siku ya mwisho wa mwezi.

Jumatatu saa nne asubuhi kompyuta ikaita. Ilikuwa simu ya video aliyoarifiwa mapema kwa ujumbe, na Ntinyari alikuwa amejitayarisha: blauzi ya kanisani juu, leso ya jikoni chini ya meza. Aliyetokea alikuwa mwanamke wa rika lake, mwenye miwani. Nyuma yake kulikuwa na rafu ya sufuria, na kuku alipita mlangoni bila haraka.

“Mimi ni Wawira,” akasema. “Samahani kwa hiyo kuku. Jumatatu nafanyia kazi kwa nyumba.”

Ntinyari alikikumbuka kikombe akatulia kidogo. Wawira alisifu uandishi wake, akamsifu kwa kuandika salamu zote za yule baba bila kumkatisha. Kisha akavua miwani.

“Rekodi ya ishirini na tatu. Watu kumi na wawili wengine walifanya hii test. Wote kwa idadi wakaandika tano. Wewe pekee ndio umeandika sifuri na maelezo. Na pia wewe pekee umeelewa ile maneno ya jirani na viazi. Mimi nimeangalia fomu yako, umezaliwa Kanyakine. Hicho Kimeru ulikitoa wapi?”

Hapo ndipo Ntinyari alipoona shimo mbele ya miguu yake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilionekana fupi na nzuri: aseme ni yeye, kazi ni yake, Mama abaki. Nani angejua? Dari. Alimtazama Mama, ambaye alikuwa amefumba macho, na alijua halali. Akawaza jinsi alivyomtuma Antony kuchunguza bawaba na vikombe vya watu, kutafuta kama kuna mwongo nyuma ya mlango. Aliona haya, haya ya kweli.

“Ni mama yangu,” akasema. “Ni mzaliwa wa huko. Nilimchezea rekodi akanieleza. Na ile ya nambari, ni yeye alinikanya.”

“Ulisaini kwamba hakuna mwingine atasikia.”

“Nilisaini.”

Wawira akapangusa miwani. “Sasa unaona,” akasema, na hakuonekana kufurahia, “hiyo kazi siwezi kukupatia. Hata nikitaka. Mtu akivunja hiyo sheria jina lake linatolewa, si mimi natoa.”

“Naelewa,” Ntinyari akasema. Hakuelewa kitu. Alichokiona ni godoro la Mama likipandishwa kwenye gari.

“Muulize ni wa nani,” sauti ikasema kitandani, kwa Kimeru.

“Mama, tafadhali.”

“Nani anaongea?” Wawira akauliza.

“Ni yeye. Samahani.”

“Hebu geuza kompyuta.”

Ntinyari akageuza. Mama akafumbua macho na kuitazama ile sura kwenye kioo bila kupepesa. Yeye aliongea Kimeru na Wawira akamjibu kwa Kiembu, lugha hizo zikasogeleana kama watu wanaopeana nafasi kwenye benchi.

“Wewe ni wa nani?”

Wawira akataja baba yake, na babu yake, na kilima wanakotoka.

“Nyanya yako yuko hai?”

“Yuko, Mama. Runyenjes. Analima bado.”

“Ana ng'ombe wangapi?”

Wawira akafungua mdomo. Huyu alikuwa mwanamke aliyeishi kwa nambari, aliyelipwa kuhakikisha hakuna sanduku tupu. Ntinyari aliona jibu likimfika kwenye midomo, akaliona likirudi.

“Wapo, Mama,” Wawira akasema.

Mama akamgeukia binti yake. “Huyu ni mtu,” akasema. “Fanya naye kazi.”

“Amekataa, Mama. Nimevunja sheria yao.”

Wawira alikuwa amejifunika mdomo kwa mkono, na mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Alipoweza kuongea, alirudi kwenye Kiswahili.

“Kumi na wawili waliandika tano. Unajua mashine ilikuwa inajifunza nini? Kwamba kila mzee wa Meru ako na ng'ombe tano. Miezi nane natafuta mtu wa kule Tigania, wa umri huo, mwenye anaweza kusikia hayo maneno. Nikimpata, hajui kompyuta. Nikipata mwenye anajua kompyuta, hajui hayo maneno.” Akavaa miwani. “Kazi yako nimesema siwezi. Lakini yake naweza kuuliza. Sikuahidi kitu. Ni bosi ataamua. Na usinitumie kuku ya shukrani, hiyo nayo nitafutwa kazi.”

Jumanne ilipita bila neno. Ntinyari alimgeuza Mama, akampikia uji, akamgeuza tena. Alianza kukunja nguo za Mama kwenye mfuko, kisha akazikunjua, kisha akazikunja. Mama alitaka kujua kama watu wa ofisi hulala mchana ndiyo maana hawajibu. Jumatano saa tisa barua pepe iliingia. Ulikuwa mkataba wa miezi mitatu, wa kujaribu, wenye majina mawili. Msikilizaji: Gladwell. Mwandishi: Ntinyari, chini ya msikilizaji, na jina lake liliruhusiwa kurudi kwa sababu tu alisema ukweli alipoulizwa, ndivyo Wawira alivyoandika. Malipo hayakuwa makubwa. Ntinyari aliusoma kwa sauti mara mbili, mara ya tatu akalia akiwa amesimama. Mama akamwacha amalize, halafu akauliza kama kazi yenyewe inaanza leo au kesho.

Alhamisi Misheck akafika na pikapu. Dereva alikuwa mbele na nyuma kulikuwa na godoro jipya, nene, lililofungwa kwa kamba, la kumlazia Mama njiani. Ntinyari alimsikia akishuka, akatoka mbio, akamzuia mlangoni.

“Huwezi kuingia sasa. Yuko kazini.”

“Nani?”

“Mama.”

Misheck akamtazama dada yake kama anayepima homa. Ntinyari akamweleza yote pale kizingitini, akamwonyesha mkataba kwenye simu. Misheck akausoma polepole, akaurudia pale penye malipo.

“Hii haitoshi,” akasema.

“Inatosha nusu. Ile nusu ingine ni wewe.”

“Nimeshamlipa dereva.”

“Najua. Kaa nikuletee chai. Nikimaliza nitakuita.”

Akaketi barazani juu ya kreti ya soda, kikombe mkononi, mtu mzima aliyezoea kuagiza wengine. Kupitia dirishani alisikia sauti za wazee asiowajua zikinung'unika bila neno kushikika, kisha mama yake akizungumza, kisha vidole vya dada yake vikikimbia. Baada ya muda Mama akacheka. Misheck akainuka nusu.

“Anacheka nini?” akauliza dirishani.

“Siwezi kukuambia,” Ntinyari akajibu. “Ni siri ya kazi.”

Misheck akaketi tena. Chai ikapoa. Ndani, saa mbili zilikuwa zimetimia na Ntinyari alikuwa katikati ya sentensi ambayo akiiacha ingempotea. Akazima sauti, akaendelea kuandika.

“Misheck, sasa ingia. Ni saa ya kumgeuza na mimi sijamaliza hapa. Mgeuze wewe.”

Alikuwa hajawahi. Mwaka na zaidi alikuwa ametuma pesa za dawa, za nepi, za mafuta ya kupaka, na hakuwahi kuulizwa kuweka mkono. Alisimama kando ya kitanda akiitazama mikono yake.

“Mkono mmoja chini ya bega, mwingine kwa nyonga,” Ntinyari akamwelekeza bila kugeuka. “Usimvute. Mviringishe kuja kwako.”

Misheck ni mtu wa kubeba magunia. Alipanua miguu, akajikaza, akainua kwa nguvu za kuinulia mama aliyemjua, yule aliyepanda kutoka bondeni na mkungu wa ndizi mgongoni na yeye Misheck mkononi akilia hataki kutembea. Mama akaja mzima kwa mara moja, akakaribia kuachana na shuka. Hakuwa na uzito. Misheck akabaki amemshika hivyo, hajui amweke vipi.

“Polepole,” Mama akamwambia kifuani. “Nina kazi.”

Akamlaza upande wa pili, akamnyooshea shuka, akalinyoosha tena ingawa lilikuwa limenyooka. Kisha akatoka. Ntinyari aliacha kuandika, akasikiliza. Alisikia mlango wa pikapu ukifunguliwa, kaka yake akiongea chini chini na dereva, kamba zikifunguliwa, na baadaye injini ikiondoka kuelekea barabarani. Misheck akarudi amelikumbatia lile godoro, halipiti vizuri mlangoni, akauliza walitandike saa hii au wangoje Mama amalize.